Kuvua mwambani kwa kayaki Kilifi: anza na saa ya kurudi

Samaki wa chini hana haraka. Changu, tewa, kelea na mlea hukaa kwenye mwamba wao leo na kesho, na ukishajua mwamba uko wapi utawakuta. Kinachobadilika kila siku, na pengine kila saa, ni maji yaliyo kati yako na pwani. Naona vijana wengi siku hizi wananunua kayaki zilizotumika mahotelini, na maandalizi yao yote ni ya upande wa samaki: ndoana, mashine ya mshipi, chambo. Ukiwauliza watarudi saa ngapi, wanacheka. Mimi pia nilicheka.

Sikuzaliwa pwani. Nilikuja Kilifi kikazi, nikapanga nyumba upande wa Mnarani, na jirani yangu alikuwa mzee Mpemba aliyekuja dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu, ujanani akaoa, akabaki. Wenzake bado huja. Kaskazi ikianza kuvuma wanavuka na mashua zao, wanapiga dago Kilifi, Watamu na Malindi, wanavua miezi kadhaa kisha wanarudi kwao kabla ya masika. Kwa hiyo barazani kwake nilikuwa nasikia habari za bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na mikondo muda mrefu kabla sijawa na chombo. Nilizisikia kama hadithi.

Kayaki niliipata kwa shilingi 55,000, mkono wa pili: ya plastiki, ya kukalia juu, chini kidogo ya mita 4, rangi imepauka kwa jua. Nilipoipeleka nyumbani mzee aliizunguka, akaigonga kwa kidole.

“Chombo kizuri, mwanangu. Tanga hakina, mrengu hakina. Kikipinduka?”

“Kinaelea, mzee. Hakizami hiki.”

“Kitaelea, naam. Na wewe?”

Akanipeleka ndani ya mkono wa bahari wa Kilifi, kwenye maji yaliyotulia, akakaa kwenye mtumbwi wake na kuniamuru nijipindue. Kupinduka hakuhitaji mwalimu. Kupanda tena ndiko kuliko na kazi. Nilikuwa najivuta kwa nguvu za mikono, na kila nikijivuta ukingo wa kwangu unazama, ule wa pili unainuka, na chombo kinanifunika. Njia yenyewe ni hii: nyoosha mkono juu ya kayaki ushike ukingo wa mbali, au kamba iliyofungwa upande huo. Acha miguu ipande nyuma yako mpaka mwili ulale bapa juu ya maji. Piga mateke huku ukijisukuma mbele, si juu, mpaka kitovu kifike katikati ya chombo. Hapo tulia, vuta pumzi. Kisha geuka makalio yaingie kitini, na miguu ije mwisho kabisa.

Jifunze hivyo ukiwa umevaa kila kitu utakachovaa baharini na umefunga kila kitu utakachobeba. Mimi niligundua kwamba kishikio cha fimbo ya kuvulia kilikuwa kinanasa mkanda wa jaketi kila nikijaribu kupanda. Nikakihamishia nyuma ya kiti. Ingekuwa nje, peke yangu, sijui ningekihamishia wapi.

Bahari ya nje ni habari nyingine. Mwamba unakwenda sambamba na ufuo, mawimbi yanavunjika juu yake, na penye mkono wa bahari kuna mlango. Ndani ya mlango maji ni ya mtumbwi wa mtoto. Ukitoka tu, kina kinaporomoka, na baada ya kupiga kafi kwa muda mfupi uko kwenye pima 10 (pima moja ni karibu mita 2), kisha 15, kisha 20. Hapo ndipo penye samaki wenye uzito. Na maji yote yanayoingia na kutoka kwenye ule mkono hayana njia nyingine ila mlango huohuo unaopita wewe.

Siku iliyonifundisha ilikuwa ya kusi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Nilitoka saa 12 asubuhi na maji yanakupwa. Raha tupu: mkondo unanivuta nje, umande, ule upepo wa asubuhi wa kutoka bara, unanisukuma mgongoni, kafi naligusisha tu. Nikavua vizuri. Kufika saa 2 upepo wa kusi ukageuka kuwa upepo kweli, vimawimbi vifupi vikaanza kuvunjika vichwa, nami nikaona busara ni kurudi mapema. Nilipofika mlangoni nikakuta pamebadilika. Maji yalikuwa bado yanatoka kwa nguvu, mawimbi ya bahari yanaingia kukutana nayo, na pale yanapokutana wimbi halipiti. Linajikunja, linasimama wima, na mengine yanafuata nyuma yake bila nafasi ya kupumua. Nilipiga kafi kwa bidii yangu yote huku nautazama mbuyu mmoja upande wa Mnarani. Mbuyu haukusogea. Nikageuza kichwa kuona kinachokuja nyuma, tezi, yaani nyuma ya chombo, ikainuliwa, omo, yaani mbele, ikachimba, kayaki ikalala ubavu, nami nikawa majini.

Maji yetu ni ya vuguvugu. Baridi haikuui haraka kama kwenye bahari za wenzetu. Kinachokumaliza ni kuchoka huku mkondo unakupeleka kusikorudika. Nilipanda, nikapinduka, nikapanda tena. Kafi lilibaki kwa sababu lilikuwa limefungwa kamba kwenye kiti. Fimbo, mashine yake na kisanduku cha ndoana vilikwenda, karibu shilingi 14,000 kwa dakika chache, pamoja na gunia la samaki nililokuwa nimelining'iniza kando badala ya kulifunga. Nilikuwa nimeshasukumwa nje tena, nimekaa, natapika maji ya chumvi, wakati mashua yenye injini ilipopita na mabaharia wakanirushia kamba. Hawakunisema neno. Mmoja aliniuliza tu kama nina watoto.

Jioni nilimweleza mzee. Aliniuliza maji yalikuwa ya mwezi ngapi, nami sikujua.

“Ungekaa hukohuko nje ukavua. Saa nne maji yanakufa, yakianza kujaa yanakubeba mwenyewe mpaka nyumbani. Haraka ya nini?”

Sasa nieleze hesabu hiyo polepole, kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa pomoni mnamo saa 10 au 11 alfajiri na hukupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kukupwa hupita mita 3. Maana yake, asubuhi nzima ya bamvua maji yanatoka, na yanatoka kwa kasi, wakati ule ule ambapo mvuvi wa kayaki anataka kurudi. Yakija kugeuka na kujaa, jua limepanda na upepo wa mchana umekaza.

Siku za maji mafu mambo yanapinduka. Hizi huangukia baada ya mwezi kufika nusu: takriban tarehe 8 hadi 10 za mwezi wa kuandama, na tena 23 hadi 25. Maji hukupwa alfajiri mnamo saa 10 au 11, na hujaa taratibu mpaka saa 4 au 5 asubuhi. Tofauti ni kama mita 1 tu. Ukitoka kukipambazuka unakuta mkondo ni dhaifu, unavua maji yakiwa yanajaa kidogokidogo, na saa 3 unarudi mlango ukiwa unakuvuta ndani. Upepo na mkondo vinaelekea upande mmoja, kwa hiyo mawimbi yanalala. Bahari ileile, mlango uleule, tofauti ni kalenda.

Siku hizi sipangi safari kwa wikendi. Napanga kwa mwezi, kisha naomba kazini. Nikishapata siku za maji mafu ndipo natazama upepo: utabiri ukisema kasi iko chini ya noti 10 mpaka saa 4, natoka, ukisema 12 na kuendelea, nalala. Kuna miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, ambayo maji mafu yote yananipita kwa sababu ya upepo, na hapo huvua ndani kwa ndani au sivui. Hili ndilo watu hawapendi kusikia. Kayaki ya bahari ya nje inakaa nyumbani kuliko inavyotembea.

Maji mafu yana faida nyingine niliyoigundua kwa mkono. Uvuvi wa chini ni kukaa chini. Kwenye maji mafu, chubwi, yaani kizito cha kushusha mshipi, ya gramu 150 inatosha pima 15, na mshipi unasimama karibu wima. Kwenye bamvua niliwahi kufunga gramu 400 na bado mshipi ukawa unalala, chambo kinaelea juu ya samaki, nami naburura chubwi ya risasi bure.

Mshipi wa mkono ndio nilioanza nao upya baada ya kupoteza fimbo, na sijajuta. Nailoni imezungushwa kwenye chupa ya plastiki, haina kitu kinachosimama juu kunasa wala kuvunjika, na mikono inabaki chini karibu na maji, jambo ambalo kayaki inalipenda. Vaa glovu ya mkono mmoja angalau. Ndoana zifunge na chambo kikate ukiwa ufukweni. Kuinamisha macho kwenye fundo dogo huku vimawimbi vinakutikisa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuyarudisha mahamri na mbaazi ulikoyanunua. Tangawizi husaidia. Kutazama nchi kavu husaidia zaidi.

Kuhusu chubwi: miamba itazila, usibishane nayo. Mimi natumia plagi kuukuu za pikipiki ninazopewa bure na fundi, mbilimbili au tatutatu, nazifunga chini kabisa kwa kipande cha nailoni dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa, nikivuta inakatika hapo, plagi inabaki na ndoana zinarudi. Risasi naziweka kwa siku za mkondo.

Chambo bora kwangu ni ngisi, kwa sababu hatoki kwenye ndoana kirahisi, na mkono wa pweza ukipatikana. Chubwi ikigusa chini utaisikia: kwenye mchanga inatua kimya, mwambani inagonga na kuteleza. Unataka ukingo, pale mwamba unapokutana na mchanga. Inua mshipi kiasi cha mkono mmoja ili usinase, ngoja. Changu anagonga mara mbili tatu kisha anavuta. Mvute yeye kwenye ule mvuto, ukimwahi kwenye kugonga kwa kwanza unamnyang'anya. Tewa habishi hodi. Anameza na kugeuka kurudi shimoni, na pima moja ya kwanza ndiyo yenye uamuzi. Akiingia shimoni usishindane naye mpaka mshipi ukatike. Legeza kabisa, hesabu pumzi zako, kunywa maji. Mara nyingi akiona hakuna anayemvuta anatoka mwenyewe, na hapo uwe tayari. Na ukianza kupandisha ndoana tupu, zimelambwa safi, jua umekaa juu ya vikande, samaki wezi wa chambo. Hama. Hutawashinda.

Mkunga, yule samaki kama nyoka, akipanda, kata mshipi juu ya maji. Usijaribu kuokoa ndoana ya shilingi 15 huku mnyama mwenye meno yale amekukalia mapajani na huna pa kukimbilia.

Kupata mwamba mzee alinifundisha kwa alama za nchi kavu. Ukipata mahali penye samaki, tazama pwani mbele yako utafute vitu viwili vinavyofuatana, cha karibu na cha mbali: mbuyu na pembe ya paa la nyumba, kwa mfano, mpaka shina limegusa ukingo wa paa. Kisha geuka ubavuni utafute jozi nyingine, mnazi na mwinuko wa kilima. Jozi zote mbili zikikaa sawa, uko papo hapo. Simu nayo hufanya kazi hiyo, lakini kioo chenye maji ya chumvi na vidole vyenye ngisi havielewani. Mimi naweka alama kwa simu ufukweni jioni, baharini natumia mbuyu.

Nanga ndiyo iliyonipa wasiwasi kuliko vyote. Kayaki iliyofungwa nanga ubavuni, kwenye mkondo, inavutwa ukingo chini mpaka inameza maji. Nanga ikitumika ifungwe omo au tezi tu, na kisu kiwe kifuani, si ndani ya kisanduku. Tena kamba usiifunge kwenye pete ya juu kama ilivyozoeleka: ifunge chini, kwenye kitako cha nanga, kisha uishikize kwenye pete kwa uzi dhaifu. Ikinasa mwambani unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Lakini siku nyingi sitii nanga. Naacha chombo kiende na maji, na omo nimeifunga ndoo ya lita 5 iliyotobolewa matundu, inaburuta chini ya maji na kuishikilia omo itazame mawimbi. Bila ndoo, kayaki inageuka ubavu, na ubavu ndio inapopokea kila kipigo. Kiuno kilegee, kichwa kisitoke nje ya ukingo hata samaki akiwa mkubwa namna gani.

Jambo moja kuhusu samaki wadogo. Wakitoka pima 15 au zaidi hupanda tumbo limevimba hewa, pengine limetokeza mdomoni. Ukimtupa vile anaelea juu mpaka ndege wamle. Mimi nina ndoana kubwa niliyoisawazisha kizuizi chake, nimeifunga chubwi. Nampachika mdomoni kwa upande unaonyooka, namshusha mpaka chini, navuta kwa ghafla, anachomoka. Kina kinamrudishia umbo lake. Mzee alinitazama siku ya kwanza akasema, “Huyo umempa nauli.” Wiki iliyofuata akaniomba nimtengenezee yake.

Gharama, kwa sababu kila mtu huniuliza. Kayaki 55,000. Jaketi la kujiokoa 4,500, na hapo usipunguze hata shilingi. Kamba za kufungia kafi na vitu, filimbi, mfuko wa simu usioingiza maji, kama 3,000 zote. Kiti kipya 6,000, cha kwanza kiliuozesha mgongo wangu kabla hakijaoza chenyewe. Mshipi wa mkono na vikorokoro vyake haufiki 2,000. Ongeza zile 14,000 zilizokwenda na maji. Samaki nauzia majirani na siku nzuri hunilipa mafuta na barafu, si zaidi. Atakayekwambia kayaki itamlisha, muulize anaishi wapi na mshahara wake ni wa kazi gani.

Kabla ya kununua, geuza kayaki juu chini, mimina maji ndani kupitia tundu la tezi, kaa uangalie yanapodondoka. Yangu ilikuwa inavuja kwenye kifuniko cha mbele, kimepinda kidogo kwa jua, na nilikuwa naingiza lita kadhaa kila safari bila kujua. Maji ndani ya chombo hukimbilia upande unaoinama. Sina shaka yalikuwa na mchango wao siku ile mlangoni.

Leseni ya uvuvi ikate, na nenda ukajitambulishe kwa kamati ya ufuo unaposhushia chombo. Hao ndio watakaojua kwamba hujarudi. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi, za tangu 1968, haziguswi, na vivyo hivyo tengefu la wenyeji, eneo walilolifunga kwa uvuvi, kule Kuruwitu. Kayaki kuwa ndogo si hoja mbele ya askari. Acha ujumbe kwa mtu mmoja wa ufukweni: nimetoka saa fulani, niko upande fulani, saa 4 kama hujaniona mwambie mwenye injini. Mimi humwachia mama anayeuza viazi karai penye njia ya kushukia, na humlipa kwa changu mmoja.

Halafu kofia. Nunua yenye kamba ya kidevu na uifunge. Yangu ya kwanza niliiona mara ya mwisho mwezi wa Julai, inaelekea kaskazini na mkondo wa kusi, na kwa mwendo ule nadhani ilifika Lamu kabla ya wikendi.